Maji ya Nyayo za Sikudhani

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Halfani alikwenda nyuma ya nyumba, akafunua bati lililofunika kisima cha mvua, akatumbukiza ufito wa mwanzi na kuutoa. Kisha alitazama mahali unyevu ulipoishia. Mkewe, Sikudhani, akiwa jikoni anapuliza moto, alisikia bati likilia, na kwa namna mumewe alivyonyamaza baadaye alijua kama siku hiyo wataoga au watajipangusa tu. Mwezi wa saba ufito ulitoka mkavu. Halfani aliuegemeza ukutani, kama majirani wote wa kitongoji kile cha upande wa Makote walivyoegemeza fito zao, na wanawake wakachukua ndoo wakaanza kushuka bondeni.

Sikudhani alikuwa ameupanda na kuushuka mteremko ule tangu utoto. Mwaka ule alianza kupumzika njiani. Mwanzo alipumzika mara moja tu, pale juu karibu na kufika. Baadaye ikawa kila kona. Naima, jirani yake, mjane, shoga yake tangu walipochezwa unyago pamoja, alimsubiri na ndoo yake kichwani na kumtania.

"Shoga, mlima ni ule ule wa bibi zetu. Au kwako wewe wameuongeza?"

"Wameuongeza," Sikudhani alisema, na kicheko chake kikakatika katikati kwa kukosa pumzi.

Kisha kikaja kikohozi. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Wanaume walibeba mashine mgongoni, na vumbi la njano la salfa lilitanda mashambani hadi likaingia kwenye vyungu. Msimu huo kila mtu hukohoa, kwa hiyo kikohozi cha Sikudhani kilikuwa na maelezo yake kabla hakijaanza. Kisha miguu ikavimba. Ikifika jioni, ukanda wa kandambili ulikuwa umechimba mfereji kwenye nyama. Watu walisema ni matende, maana wagawaji wa vidonge vya matende walikuwa wamepita na siku hiyo yeye alikuwa shamba. Kisha akashindwa kulala chali. Akilala, kifua kilijaa kama mtungi uliowekwa chini ya mchirizi wa paa, akaamka akiitafuta hewa dirishani. Aliongeza mto wa pili, halafu wa tatu, akawa analala amekaa. Watu walisema mwanamke aliyevuka umri wa kuzaa hulala hivyo. Kwenye sala nako, alipoinama kusujudu, pumzi ilimtoroka. Basi akaanza kusali juu ya kigoda, na kila mara alimwomba Mungu radhi kwa kukaa mbele Yake kama mgeni aliyekaribishwa.

Kila jambo lilikuwa na jibu lake, na majibu yote yalitoka kwa watu waliompenda.

Asubuhi moja, alipomaliza kufagia uwanja, aliona kuku wanakunywa maji. Walikuwa wamejipanga nyuma yake, kila mmoja kwenye alama ya mguu aliyoiacha. Alikanyaga tena taratibu, akaondoa mguu. Alama ikajaa maji safi hadi ukingoni. Naima alikuwa amekuja kuazima chekeche. Alisimama akatazama, akarudi kwake, akaja na ndoo na kata.

"Haya ni maji ya nani?" aliuliza, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Yametoka miguuni kwangu."

"Basi kanyaga na huku. Huku ardhi ni ngumu, hayatanywea."

Kufikia Ijumaa hakuna mwanamke wa kitongoji kile aliyekuwa bado anashuka bondeni. Sikudhani alitembea polepole kuzunguka nyumba, nao walimfuata na kata zao wakizungumza habari za kawaida. Maji yalikuwa meupe, na yalikuwa na chumvi kidogo, kiasi kwamba mboga haikuhitaji kuungwa chumvi nyingine. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Awadhi, alipanga njia: siku moja apite upande wa msikiti, siku nyingine upande wa shule. Shehe Abdulrazaki aliulizwa kama maji yale yanafaa kutawadhia. Aliyatazama rangi, akayanusa, akayaonja. Alisema maji ya bahari yana chumvi kuliko hayo na hakuna anayeyakataa, hivyo ni tohara. Watu ambao tangu kiangazi kianze walikuwa wakitayamamu kwa mchanga walirudi kwenye udhu.

Sikudhani alilia kwa shukrani. Aliona kwamba Mungu ameikumbuka nchi ile ya juu isiyo na maji, na kwa sababu anazozijua Mwenyewe amechagua miguu yake.

Lakini alichoka. Alishiba kabla hajala, na tumbo lilimkaza kama la mja mzito. Siku alipoanguka karibu na shule, ndoo zikiwa bado hazijajaa, Halfani alimpakia kwenye pikipiki hadi Newala, na kutoka Newala wakapanda gari la Masasi.

Hospitalini walipokewa na muuguzi aitwaye Sista Julia. Aliiona sakafu nyuma ya Sikudhani, akaleta gunia kavu na kuliweka chini ya miguu yake ili wagonjwa wengine wasiteleze. Alimsikiliza kifua, akamuuliza analalia mito mingapi. Kisha wakampeleka kupigwa picha. Alipokuwa anasubiri zamu yake, kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Sista Julia ameketi na Halfani kwenye benchi. Sista aliinama akabonyeza muundi wa mguu wake mwenyewe kwa kidole gumba. Halfani naye aliitikia kwa kichwa kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa namna ya kuwasha mashine mpya ya salfa.

Njiani kurudi alimuuliza wamesemaje.

"Wamesema ni uchovu," Halfani alijibu. "Na salfa imekuingia. Utameza hivi vidonge vyeupe."

Alivimeza. Alikwenda chooni mara nyingi, na baada ya siku chache alilalia mto mmoja. Alisali amesimama. Aliposujudu alikaa chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu pumzi ilikuwa ipo. Nyayo zake nazo zikawa unyevu tu, halafu vumbi. Wanawake walichukua ndoo zao wakarudi bondeni. Naima alipita mbele ya nyumba bila utani.

Jioni moja mzee Awadhi, Shehe Abdulrazaki na wanaume wengine walikuja kukaa barazani kwa Halfani. Sikudhani aliwapelekea chai. Aliposhika adabu na kuwaamkia shikamoo, waliitika marahaba, Mama Mujibu, kwa upole kuliko siku zote, wakamuuliza hali ya Mujibu huko Mtwara anakofanya kazi. Waliongea habari za maua ya mikorosho. Aliporudi ndani sauti zao zilishuka.

Kesho yake vidonge vilikuwa vyekundu.

"Wamebadilisha," Halfani alisema. "Hivi ni vizuri zaidi. Vinaongeza damu."

Sikudhani alisema bismillahi akameza. Wiki iliyofuata kuku walikuwa wamerudi nyuma yake.

Ni wakati huo Halfani alipoanza kumbonyeza mguu. Kila asubuhi, akitoka msikitini, alikaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mguu wa mkewe mapajani mwake, akabonyeza muundi kwa kidole gumba na kusubiri. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Halfani alilitazama shimo lile hadi likafukika lenyewe, kisha akaufunika mguu kwa khanga na kutoka. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumshika miguu. Sikudhani alijizuia hata kukohoa asije akamkatiza. Alimweleza Naima, kwa aibu, kama mwali anayesimulia mambo ya chumbani. Naima aliangalia pembeni, akasema amebahatika.

Siku za Ijumaa Halfani alimpeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Korosho zilikuwa bado hazijaanza kuingia, mizani ilikaa bure. Sikudhani alisimama pale wanaposimamisha magunia, watu wakakusanyika kutazama mshale. Mshale ukipanda, wazee walisema alhamdulillahi na wanawake wakapiga vigelegele. Yeye alikuwa mwembamba maisha yake yote, na watu huko humsifu mume kwa unene wa mkewe. Alimtazama Halfani kwenye kundi lile la watu, akaona ameinamisha uso, akafikiri anaona haya kusifiwa.

Msimu wa korosho ulipoanza, Furaha, mdogo wake Sikudhani, alipiga simu kutoka Mkomaindo, Masasi. Binti yake Yasmini anaolewa, na harusi bila mama mkubwa haiwi harusi. Halfani alifikiri. Mzee Awadhi alifikiri. Mwisho walikubali, ila walimwomba kwanza azunguke uwanja wa mpira. Alizunguka tangu asubuhi, akipumzika kila alipofika golini, na nyuma yake watu waliteka kwa ndoo, madumu, hata sufuria za watoto. Jua lilipokuwa kali walisema inatosha. Kijana wa bodaboda aliambiwa amfikishe Newala penye magari, na Jumatatu aende akamchukue mwenyewe huko huko Masasi.

Kwa Furaha bomba la maji lilikuwepo, ila lilitoka siku lilipotaka. Furaha alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Alimwona dada yake amelala ameketi, mgongo ukutani, midomo imebadilika rangi. Alimwona anaongea sentensi moja kwa vipande vitatu. Bwana harusi alipoondoka na mke wake, Furaha alimshika dada yake mkono akampeleka hospitalini, na Sista Julia akaenda moja kwa moja kuleta gunia.

"Dawa unameza, mama?"

"Nameza. Vile vyekundu."

Sista Julia aliitazama miguu yake. Alipiga goti, akambonyeza muundi kwa kidole gumba, akangoja.

"Hivyo ndivyo mume wangu anavyonifanyia," Sikudhani alisema, na ndani ya sauti yake mlikuwa na fahari. "Kila asubuhi."

"Nilimfundisha mimi," Sista Julia alisema. "Nilimwambia shimo likibaki akulete siku hiyo hiyo. Nilimwambia akupime uzito, ukipanda ghafla ni maji, si nyama, akulete. Mito ikiongezeka, akulete. Ukikohoa ukilala, ukichoka kwa kazi ndogo, ukishiba bila kula, akulete. Vyekundu sikumpa mimi. Mimi nilimpa vyeupe, na nilimwambia visikatike."

Kisha alimweleza polepole, maana aliona kwamba hajawahi kuelezwa. Alisema moyo ni kama ile mashine ya bondeni inayosukuma maji kupanda hadi Newala. Mashine ikichoka, maji hayapandi, yanabaki chini na kufurika pasipotakiwa. Yake yanabaki miguuni, tumboni na mapafuni. Si matende, si salfa, na si umri. Ni moyo unaoshindwa kazi, na ukisaidiwa unaweza kwenda miaka mingi.

Sikudhani aliisikia kila kalima. Lakini macho yake yalikuwa yanaona kitu kingine. Aliuona uso wa Halfani ukingoni mwa kitanda, namna alivyolitazama lile shimo bila kupepesa. Aliujua uso ule. Alikuwa ameuona kila asubuhi kupitia mlango wa jikoni, nyuma ya nyumba, juu ya kisima. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama mahali unyevu ulipoishia.

"Yeye alijua yote haya?" aliuliza.

"Aliyarudia mbele yangu bila kukosea. Nikamsifu."

Jioni alimpigia Halfani simu. Hakupandisha sauti, hakuwa na pumzi ya kupandishia. Alimwambia yuko kwa Sista Julia na vidonge vyeupe viko mkononi. Nyuma ya Halfani zilisikika ndoo zikigongana.

"Mama Mujibu," alisema, "watoto wanaoga sasa. Msikiti una maji. Kungekuwa na mtu amekuambia, ungekataa?"

Sikudhani alijitafuta moyoni kwa uaminifu, kama anavyojitafuta mtu anayetaka kutubu, na hakujua angejibu nini. Labda angekubali. Labda angesema nipeni vyeupe kwa wiki moja, na wiki inayofuata nitatembea.

"Hamkuniuliza," alisema.

"Tuliogopa utakataa."

Jumatatu bodaboda alikuja Masasi akarudi na kiti kitupu. Sikudhani alibaki kwa Furaha akimeza vidonge vyeupe. Maji yalimtoka kwa njia inayojulikana, miguu ikarudi kuwa na mifupa, na nyayo zake kwenye uwanja wa Furaha zikawa nyayo tu. Kutoka upande wa Makote zilikuja salamu. Mzee Awadhi alisalimu. Shehe Abdulrazaki alisalimu na kusema wanamwombea arudi salama. Hakuna aliyetaja vidonge.

Waliokuja mnadani Masasi walisimulia habari nyingine. Walisema kule sasa watu wote wamezijua dalili. Wakitoka kuswali hukaa barazani mwa msikiti wakabonyezana miundi. Mabinti wakiwaamkia bibi zao shikamoo, huongeza swali la mito. Mtu akipumzika njiani kutoka bondeni, jina lake hufika kwa mwenyekiti kabla yeye hajafika kwake. Hata mpuliza salfa akikohoa, huulizwa anakohoa amesimama au amelala. Sista Julia aliposikia alifurahi sana. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajaona kitongoji kinachozitambua dalili za moyo kushindwa kama kile. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeletwa kutoka huko.

Wakati mabibo yalipoiva kwa wingi, Naima alikuja kumwona. Alikuja baada ya adhuhuri na kikapu cha mabibo na korosho za kubangua. Kabla ya kuingia alikaa kwanza kizingitini, akajipepea kwa ncha ya khanga. Sikudhani alimtazama miguu. Ukanda wa kandambili ulikuwa umechimba mfereji. Naima alipoinuka akaingia, alama zake zilibaki zinang'aa kwenye sakafu ya saruji, zikaungana, zikaanza kutafuta mlango.

Walisalimiana kwa muda mrefu, kama inavyopasa. Naima alisema amenenepa, mshale wa mizani umepita pale ulipofika kwa Sikudhani. Alisema kitongoji kizima kinamjali. Yeye mjane ambaye zamani hata kuni hakuna aliyemkatia, sasa anakatiwa. Wiki iliyopita wamemletea zawadi ya mto wa tatu, mpya, wa sufi, foronya yake imetariziwa maua.

"Ulijua habari za vidonge?" Sikudhani alimuuliza.

"Tulijua wote."

Alisema bila kuficha, na bila kukaza macho wala kuyakwepa, kama mtu aliyeulizwa kama mwaka ule mvua ilinyesha. Sikudhani aliipokea kauli ile, akaiweka mahali, kwa sababu kulikuwa na jambo la haraka zaidi. Alimwambia Naima yote aliyoyasikia kwa Sista Julia, moja baada ya jingine: miguu, mito, kikohozi, uzito, pumzi. Alimwambia alale hapa leo na kesho asubuhi atampeleka mwenyewe.

Naima alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulikuwa unaumwa, shoga," alisema kwa huruma. "Mimi ni salfa tu."

"Salfa ilikwisha tangu mwezi wa nane."

"Inakaa kifuani."

Sikudhani aliteremka kwenye kiti akapiga goti mbele yake. Aliushika mguu wa rafiki yake, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akangoja, akaondoa. Shimo lilibaki, la kina, linameta. Naima aliliangalia shimo lile, na uso wake ukalegea ukawa uso wa mwali.

"Halfani naye hunifanyia hivyo hivyo," alisema. "Kila asubuhi."

Nje pikipiki ilipiga honi. Alikuwa yule kijana wa bodaboda. Siku hizi alitumwa hadi Masasi kabisa, na aliambiwa amrudishe abiria wake kabla ya magharibi. Naima alisema kijana angoje, yeye amalizie kwanza chai aliyopewa.

Furaha alitoka jikoni. Maji ya bomba lake yalikuwa yamekatika tangu juzi. Alikuwa amebeba beseni, lile kubwa la harusi. Aliliweka chini, akaishika miguu ya Naima mmoja mmoja na kuitia ndani taratibu, kama mwenyeji anayempa mgeni maji ya kunawa. Hakumtazama dada yake. Beseni lilianza kujaa.

Adhana ya alasiri ikasikika. Sikudhani alisimama juu ya miguu yake mikavu, akalipita beseni, akatoka hadi pale uwanjani penye mchanga safi. Aliinama bila kukosa pumzi, akapiga viganja vyake juu ya mchanga, akatayamamu.